Shairi Langu Lamtia Kamba Mzee Lugembe

Wiki iliyopita mliniacha nimevaa kofia ya tarishi wa baraza. Mimi, Wenceslaus, niliyewahi kuapa mbele ya vijana wenzangu kwamba nitakula majani kabla sijala ugali wa mwanangwa, mkuu wa baraza letu.

Kwa aliyekosa gazeti: niliachishwa ualimu wa shule ya kijijini kwa sababu ya ulimi wangu. Nikaenda kumposa Apolinaria. Baba yake, Mzee Lugembe, mrina asali wa kijiji chetu njia ya Sikonge, akanijibu hivi: "Simpi binti yangu mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu maneno kwa vidole." Basi nikatafuta kazi, na kazi iliyokuwapo ilikuwa hiyo moja tu.

Leo ninaungama jambo nililolifanya nikiwa chini ya kofia ile.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara, ninagonga debe, watu wanakusanyika, ninawasomea amri. Ninyi mnaokaa mjini Gongoni mnadhani serikali ni bendera na gwaride. Njooni kwetu muione. Mama akitaka kupika pombe ya harusi ya mwanawe, aombe cheti. Ukifuga mbwa, cheti. Ukitaka kuhamisha nyumba yako kutoka kilima hiki hadi kile, cheti. Muhogo wako unapimwa kwa kamba, na matuta yakipungua unaitwa barazani. Baraza letu halijatuchimbia kisima hata kimoja, lakini idadi ya mbwa wetu linaijua.

Na mwitu ulikuwa umefungwa. Walisema ni kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mrina akitaka kwenda kwenye mizinga yake alipaswa kuomba cheti, na cheti hakitoki. Mzee Lugembe alikuwa na mizinga zaidi ya arobaini juu ya miti huko ndani. Kila mwezi alikwenda barazani kuomba. Kila mwezi aliambiwa mwanangwa anafikiri.

Siku moja nilimkuta akirudi.

"Shikamoo, mzee. Wamesemaje?"

"Marahaba. Bado anafikiri," alisema. "Nyuki wangu wameshazaa wajukuu, yeye bado anafikiri."

Nikaenda nyumbani nikiwaka. Nikashika kalamu. Ushairi sikufundishwa na mtu, nilijifunza mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, nikihesabu mizani mpaka nikajua kwa nini ubeti huu unatembea na ule unachechemea. Nikatunga beti saba. Huu wa tatu ndio ulionitia matatani:

*Jibwa langu lina cheti, mimi sina mfukoni,*
*Nyuki waombe tiketi, wapate ruka mwituni,*
*Na kamba yapima futi, matuta ya muhogoni,*
*Mwanangwa juu ya kiti, asinzia barazani.*

Shairi lisilo na jina la mtunzi mwishoni ni kama mtoto asiye na baba. Hiyo ndiyo sheria yetu sisi watunzi. Nikafunga hivi:

*Hapa tamati natia, kalamu chini naweka,*
*Mrina wenu nalia, asali mmeiteka.*

Mrina! Nilijiambia ni lakabu, kwamba watunzi wakubwa wote wana lakabu, kwamba ni heshima kwa baba wa mchumba wangu. Uongo mtupu. Niliogopa. Niliogopa kuandika Wenceslaus.

Kisha nikafanya ujuba. Nilichukua misumari ya baraza na nyundo ya baraza, nikaligongomea mlangoni mwa duka, kando ya amri ya muhogo. Watu walidhani ni amri mpya, wakajaa. Aliyejua kusoma akawasomea wasiojua. Hadi adhuhuri shairi lilikuwa limeshafika vijiji vitatu, bila kibali.

Apolinaria peke yake ndiye aliyejua. Nilimsomea kabla sijaligongomea. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akasema, "Utaponza watu wewe." Sikuuliza watu gani.

Siku ya tatu askari wawili wa baraza walikwenda kwa Mzee Lugembe wakiwa na kamba.

Mwanangwa Bundala alikuwa ametoa amri: tafuteni mrina mwenye kinyongo na baraza. Warina walikuwa wengi. Mwenye kufika barazani kila mwezi alikuwa mmoja. Kwa hiyo serikali yetu, kwa akili zake zote, ikamkamata, kwa kosa la kuandika, mtu ambaye hajawahi kushika kalamu maishani mwake.

Apolinaria alinikuta uwanja wa baraza, nimesimama na debe langu. Hakupandisha sauti.

"Wenceslaus, baba hajui hata kuandika msalaba."

"Najua."

"Wanasema ni miezi sita, jela ya Tabora. Ana miaka sabini."

"Najua, Apolinaria."

"Basi kama unajua, simama useme."

"Nitasema."

"Lini? Akishakuwa maiti?"

Nikaingia barazani.

Mwanangwa Bundala alikuwa kwenye kiti chake, kanzu, koti juu ya kanzu, na miwani ambayo aliivaa siku za hukumu tu. Kusoma hajui. Miwani ile ilikuwa ya kutishia watu. Kando yake mezani alikaa karani Silasi, na mbele ya Silasi mhuri, wino, na shairi langu limekunjwa kama kitu kilichooza. Mzee Lugembe alikuwa sakafuni, amefungwa kamba mikononi.

"Karani, soma upuuzi huo," alisema Bundala. "Watu wote wasikie alivyotukana."

Silasi akasoma. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoijua nguvu ya kazi yangu. Ubeti wa kwanza watu waliinamisha vichwa. Wa pili mabega yakaanza kutikisika. Silasi anasoma kwa sauti ya kanisani, taratibu, na jinsi anavyosoma taratibu ndivyo joto la adhuhuri linavyomlemea mwanangwa, na kidevu chake kinashuka, kinashuka. Silasi anafika "Mwanangwa juu ya kiti, asinzia barazani", anainua macho, na Bundala huyo, mdomo wazi, anakoroma.

Silasi alijaribu. Nitamshuhudia hilo mbele ya Mungu. Alijaribu kukohoa, akauma ulimi, akashika meza. Kisha kicheko kikamtoka kupitia puani.

Baraza zima likaanguka. Bundala akashtuka.

"Nani anacheka? Nani?"

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Silasi peke yake hakuweza kuacha, machozi yanamtiririka.

"Wewe! Unakula mshahara wangu unanicheka? Toka! Toka mezani pangu! Nenda ukachekee jikoni kwa mkeo!"

Silasi akatoka, akasimama nje dirishani akijifuta macho. Mezani hakukubaki mtu anayejua kusoma. Serikali ikabaki na mhuri.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikavua kofia, nikasonga mbele.

"Mwanangwa, mzee huyu hana kosa. Shairi hilo nimelitunga mimi."

Bundala akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akawageukia wazee wa baraza.

"Mnamsikia tarishi?"

Wakacheka. Safari hii ilikuwa halali kucheka.

"Anataka kumwokoa mkwe," alisema mmoja.

"Kijana, mahari ni ng'ombe, si jela," alisema mwingine.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Kila neno ni langu!"

Bundala akatikisa kichwa. "Shairi hili limenitukana, sikatai. Lakini limetungwa na mtu mzima mwenye akili. Wewe ni mgonga debe."

Nawaambieni ukweli. Nilikuja pale kumwokoa mzee wa watu. Neno lile "mgonga debe" liliponiingia, mzee nilimsahau. Nilitaka jambo moja tu, waamini kwamba ninajua.

"Nipeni mtihani," nikasema. "Hapa hapa."

Bundala akafurahi. Alikuwa amefedheheshwa, sasa amepata mchezo.

"Vizuri. Tunga ubeti wa kulisifu baraza hili na mimi mkuu wake. Ubeti ukichechemea, mzee anakwenda Tabora, na wewe viboko vya uongo."

Nikatazama mlangoni. Apolinaria alikuwa amesimama, ameshika kanga yake kifuani kwa mikono miwili. Nikafumba macho. Vidole vikaanza kuhesabu mgongoni, na nikasema bila kukwama:

*Baraza letu adhimu, lasimama kama ngome,*
*Mwanangwa mwenye fahamu, aamba nasi tukome,*
*Amri zake ni tamu, asali tusiipime,*
*Aishi huyu hakimu, maradhi yasimuume.*

Wazee wakapiga makofi wakiwa wamepiga magoti, kama wanavyopigiwa watemi. Bundala akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, akawa anatikisa kichwa na kusema midomoni, "Maradhi yasimuume, yasimuume."

Nikapumua. Nimethibitisha. Mzee atafunguliwa, mimi nitafungwa, na Apolinaria atajua aliposwa na mwanamume.

"Mwanangu," alisema Bundala, sauti imelainika kama uji, "mtu anayenipenda hivi hawezi kunitukana vile. Sasa nimehakikisha kabisa kwamba shairi lile si lako."

Nikafungua mdomo kubisha, akanizuia kwa mkono.

"Lakini wewe ni mtunzi. Njoo ukae hapa. Kiti cha yule mcheka ovyo ni chako. Kuanzia leo wewe ndiye karani wangu."

Mikono ikanisukuma mpaka nikaketi. Kalamu ikatiwa vidoleni mwangu. Nilipoinua uso, Apolinaria alikuwa amefika karibu na meza.

"Hongera, karani," alisema, akageuka.

Sijapigwa kofi maishani lililouma kuliko hongera ile.

"Andika," aliamuru Bundala, miwani puani. "Andika hukumu. Lugembe, mrina, kwa kosa la kulitukana baraza, miezi sita, apelekwe Tabora kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, athibitishe. Andika kwa mwandiko mzuri."

Wino ulikuwa tayari. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina la baraza. Nikafika mahali pa mshtakiwa.

Nikatazama kulia na kushoto. Wazee sita, askari wawili, mwanangwa mmoja. Wote wanaitawala nchi kwa karatasi, na kati yao hakuna hata mmoja anayejua karatasi inasema nini. Kwa nini nihangaike kuwashawishi? Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kama nilivyoagizwa: Wenceslaus, tarishi, kwa kosa la kulitukana baraza kwa shairi. Miezi sita.

"Tayari?"

"Tayari, mwanangwa."

Akaigeuza karatasi huku na huku, akaisifu, akaupulizia mhuri, akaugonga juu yake kwa nguvu za mtu anayeua nge.

Nikasimama nikanyoosha mikono yangu miwili mbele kwa askari. Askari akaitazama, akanipa mkono wa kuniaga, akaichukua karatasi, akaishika kichwa chini miguu juu, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kumwinua Mzee Lugembe kwa kamba.

"Siyo yeye!" nikasema. "Karatasi inasema mimi!"

"Karatasi inasema alichosema mwanangwa," alijibu askari. "Mhuri huu hapa."

"Isome basi!"

"Mimi ni askari, bwana. Kusoma ni kazi yako."

Nikamkimbilia, nikaichomoa karatasi mfukoni mwake, nikaipeleka dirishani alipokuwa Silasi. "Wewe unajua kusoma. Wasomee!"

Silasi akasoma kwanza kwa macho. Safari hii hakucheka. Akasoma kwa sauti, jina langu, kosa langu, miezi yangu sita.

Bundala akasimama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Umefanya nini?"

"Nimeandika ukweli."

"Umeufanya mhuri wangu useme uongo!" Akaunyakua mhuri mezani, akauficha ndani ya koti, na sidhani ilikuwa hasira tupu. "Kutukana ni kesi yangu mimi. Kuharibu mhuri ni kesi ya Mzungu. Mfungeni!"

"Na mzee?" aliuliza askari.

Mwanangwa akafikiri. Ile fikra yake tuliyokuwa tukiisubiri kila mwezi, leo ilikuja upesi.

"Mzee naye. Mmoja alitukana na mmoja alighushi. Nani alifanya lipi, Bwana Shauri atachagua."

Ndivyo nilivyoianza njia ya Tabora, kamba moja, watu wawili, mkwe mbele na mposaji nyuma. Njia ile ile ambayo babu zetu walipita na meno ya ndovu mabegani. Wao angalau walijua mzigo ni wa nani. Nyuma yetu, hatua ishirini hivi, alikuja Apolinaria na kibuyu cha maji. Alimpa baba yake. Alimpa askari. Mimi aliniruka.

Tulikwenda mpaka jua likaanza kushuka. Nikaona nimwombe radhi.

"Mzee, nisamehe. Tukifika nitasema kila kitu. Nitaapa. Utarudi nyumbani."

"Nani amekuomba?"

"Mzee?"

"Nakuuliza, nani amekuomba nirudi nyumbani?" Hakugeuka. Sauti ilikuja juu ya bega lake. "Lile shairi nimelisikia leo mara moja. Nimelishika lote. Jibwa langu lina cheti. Nyuki waombe tiketi. Kijana, hayo ni maneno yangu. Mimi nimeyasema miaka minne katika baraza lile, hakuna aliyeyasikia. Wewe umeyatia vina tu."

"Lakini mzee, jela..."

"Nyamaza nimalize. Nikifika kwa Bwana Shauri ataniuliza, kwa nini umetukana? Itakuwa mara ya kwanza serikali kuniuliza mimi swali. Na mimi nitamjibu. Nitamwambia mzinga mmoja mmoja, mti mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Atalazimika kuandika. Ukisimama wewe ukasema ni lako, nitaambiwa, haya mzee, kumbe huna kosa, nenda zako. Nitarudi kwa Bundala afikiri tena."

"Utafia jela, mzee."

"Lile shairi ni langu. Ukinikanusha mbele ya Mzungu, Apolinaria usimwote hata ndotoni."

Nikageuka nyuma kumtazama Apolinaria. Alikuwa amesogea, amesikia yote. Alikuwa analia, na kwa kichwa alinikatalia. Baba anataka nikae kimya. Binti anataka niseme. Na wote wawili ndio nyumba ninayoiposa.

"Isitoshe," alisema mzee, "mstari wa mwisho uliuharibu."

Hapo nikasimama. Askari akanivuta.

"Niliuharibu vipi?" nikauliza, na ninaona haya kuwaambia jinsi nilivyouliza. Nilisahau kamba.

"Kusinzia si kosa la Bundala. Ni mzee, kuna joto. Mtu mwingine akikaa pale atakuwa macho, na atatufanya yale yale. Sikiliza." Akaimba kwa sauti ya warina, ile wanayoimba wakiwa juu ya mti na moshi chini yao:

*Twatawaliwa na kiti, mtu hayumo kitini.*

Nikahesabu kwa vidole. Nane na nane. Nikahesabu tena nikitafuta kosa, nikitamani kosa. Hakuna. Mtu asiyejua alifu kwa kijiti, amenishinda kwa mstari mmoja, huku amefungwa.

Kesho yake asubuhi tulisimamishwa mbele ya Bwana Shauri, Tabora. Mzungu mwembamba, Kiswahili safi kuliko cha askari wetu. Karatasi yenye mhuri ilikuwa mezani kwake, na kando yake shairi langu, bado na tundu la msumari. Aliyasoma yote mawili bila haraka. Apolinaria alikuwa mlangoni.

"Karatasi hii inasema mtunzi ni tarishi," alisema. "Askari anasema mtunzi ni mzee. Sitaki hadithi ndefu. Nani kati yenu ametunga?"

Mkono wa Mzee Lugembe ulikwenda juu, na wangu ukavutwa nao kwa kamba ile moja.

"Mimi," alisema mzee, na akaanza kuimba ubeti wa tatu. Akafika mwisho, akaimba mstari wake.

Bwana Shauri akafuata kwa kidole kwenye karatasi. Kidole kikasimama. Akainua uso.

"Mstari huo haumo humu," alisema. "Ulioandikwa ni mwingine, tena dhaifu." Akaniangalia mimi. "Na wewe kijana, mkono wako pia uko juu. Huu dhaifu ni wako?"